Buti za Mluzi

2 Machi

Mvua imefika leo wakati nachemsha maji ya chai, bila hata ngurumo ya kubisha hodi. Nikaiacha chai, nikaburuta magunia kutoka chini ya kitanda. Mvua ya kwanza ndiyo huamsha kuvu, na kuvu haina habari kama buti hii ni ya marehemu au ya mtu anayekwenda kazini kesho.

Mama Mwenye Nyumba akasimama mlangoni, kajiziba pua kwa mtandio. "Mzee, umechinja nini humu?"

"Batalioni nzima," nikamwambia.

Hakucheka. Marehemu mke wangu angecheka mpaka akae chini. Tangu aondoke, mizaha yangu naitoa mwenyewe na kuipokea mwenyewe.

Daftari hili nililinunulia hesabu za wateja, lakini wateja wenyewe siku hizi wananunua viatu vya kutupa. Basi niandike haya. Kila askari wa miguu katika batalioni yetu alipewa jozi mbili za buti. Moja aliivaa, ya pili ilikaa stoo na namba yake, na kila mwezi alizibadilisha. Walioanguka walizikwa na zile walizovaa, kama walipatikana. Zile za stoo tulirudi nazo sisi, kwenye malori, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa fundi viatu wa kikosi, zikaangukia kwangu. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, zinatembea. Ndugu wa marehemu anazivaa, anatembea nazo kutoka lango la kambi ya zamani hadi kwenye jiwe la kumbukumbu, anazivua, anazipanga kwenye mstari, na jina la mwenyewe linaitwa.

Jozi isiyo na mtu wa kuivaa inazikwa nyuma ya jiwe, na jina haliitwi tena. Tulipatana hivyo wenyewe, tulipokuwa vijana na ndugu wako tele. Tulidhani aibu itawaleta watu. Aibu nayo imezeeka.

3 Machi

Kuvu. Kuvu tu.

5 Machi

Mguu wa kulia umevimba tena, na leo wa kushoto umeamua kumuunga mkono ndugu yake. Nimejaribu kuvaa buti za Mluzi. Kidole gumba kimeingia, na wengine wamebaki nje kama wageni wasioalikwa.

Mluzi alikuwa rafiki yangu. Alipiga mluzi akioga, akila, akichimba handaki, mpaka sajenti akatishia kumfunga mdomo kwa uzi wangu wa nta. Hakuna ndugu yake aliyewahi kuja kuzivaa buti zake, kwa hiyo nimezitembeza mimi tangu mwaka wa kwanza. Mwenzako vitani anaruhusiwa, ni ndugu pia. Sikuwahi kumwachia mtu mwingine.

6 Machi

Daktari anasema miguu hii haitarudi ilivyokuwa, nivae ndala na nitembee na fimbo. Nikamuuliza, "Upi, wa kulia au wa kushoto?" Akaniambia nisifanye mzaha. Naona wameandikiana na Mama Mwenye Nyumba.

9 Machi, Jumatatu

Katibu wa kamati ya matembezi ya buti amekuja na mwavuli wake usiowahi kuvunjika ubavu. Huyu ni mtoto wa kamanda wetu aliyeanguka. Vita aliviona kwenye picha, lakini ukimsikia anavyopanga mstari utadhani ndiye aliyeshika ramani.

Akauliza jozi moja moja ina nani. Tukafika.

"Ya Mluzi?"

"Ina mtu."

"Nani?"

"Mimi, kama kawaida."

Akaitazama miguu yangu ndani ya ndala. "Vaa nione, mzee wangu."

Nikasema nitavaa siku yenyewe. Akasema afadhali sasa. Nikainama, nikasukuma, nikavuta, nikapaka hata mafuta ya kupikia kisigino. Yeye amesimama pale, maji ya mwavuli yanatiririkia sakafu yangu. Jasho likanitoka. Mwisho akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Mzee, asiyekuwepo na lake halipo. Tumpumzishe."

Nikamfukuza. Nimemfukuza mtoto wa kamanda wangu kwa fimbo ya hospitali. Najuta kidogo, si sana.

10 Machi

Mvua kutwa. Hakuna aliyekuja, hata kuuliza bei.

13 Machi

Mluzi ana binti. Alizaliwa sisi tukiwa mbele, habari ikamfika baba yake kwenye kikaratasi, akakisoma mpaka kikatoboka. Mama yake aliolewa tena na akaniambia uso kwa uso, mlangoni kwake, kwamba hataki kuona viatu vya mtu aliyekufa ndani ya nyumba yenye mtoto. Sikumlaumu. Nilirudi nazo.

Mama Mwenye Nyumba, ambaye kila wiki anakwenda kliniki kwa ajili ya presha na kurudi na habari za mji mzima, anasema yule mama alifariki mwaka jana. Binti ni muuguzi mkuu kwenye wodi ya watoto. "Mkali," akasema. "Hata madaktari wanampisha."

17 Machi

Nimekwenda. Nimekaa kwenye benchi la korido, fimbo katikati ya magoti, mpaka akatoka. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga njia nzima. Lakini ana mwanya ule ule. Mwanya wa baba yake, pale pale mbele, uliokuwa unatoa ule mluzi. Maneno yote yakanikimbia.

Nikamwambia mimi nilikuwa na baba yako.

"Baba yangu yuko nyumbani, mzee. Ni yule aliyenifundisha kusoma. Huyo mwingine alinipa mwanya tu." Akasema bila hasira, kama mtu anayemsomea mgonjwa kipimo. Nikamweleza habari ya buti, na Jumamosi, na shimo. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru kwa hilo. Kisha akasema ana watoto wanamngoja, na kwamba miguu yangu niiweke juu ya mto nikilala.

Nimerudi nimelowa. Nimeiweka miguu juu ya mto. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawasha redio kwenye stesheni nisiyoijua lugha yake, ilimradi mtu anaongea.

18 Machi

Sikutoka.

21 Machi

Nimeshona kisigino cha mteja mmoja. Alitaka kuzungumza, mimi nikawa sina la kusema. Baadaye, alipoondoka, nikawa nalo.

24 Machi, Jumanne

Amekuja! Jioni, koti la mvua juu ya sare ya kazi. Mama Mwenye Nyumba akamleta mpaka mlangoni, naye akataka kukaa. Nikamwambia, "Dada, chungu chako kinaungua." Akaondoka akisonya.

Binti hakukaa. Alitaka kuziona. Nikampa moja, nikashika ya pili, nikaanza kujisifu kama muuza duka: ngozi haina ufa, uzi haujakatika, zimeng'aa kuliko siku zilipotolewa stoo. Akatia mkono ndani ya buti mpaka kwenye vidole, akautuliza humo. Akaniuliza:

"Kipi hapa alikigusa yeye mwenyewe?"

"Vyote, mwanangu."

"Nionyeshe kimoja."

Nikamwonyesha soli, nikakumbuka soli niliibadilisha. Nikamwonyesha kisigino, nacho vilevile. Nikashika kamba, nikaiachia. Nikasema ngoja, ngoja kidogo. Akairudisha buti mezani taratibu.

"Basi nitakuja kuuliza siku nyingine," akasema.

25 Machi

Leo nimefunga mlango mchana, nikafunga na dirisha. Mvua inapiga bati kiasi cha kuzuia hodi yoyote. Nimeziweka buti za Mluzi kwenye meza, nikachukua kisu na koleo, nikazifungua. Kazi yangu siku zote ni kufunga viatu. Kufungua hivi, sehemu baada ya sehemu, nikitafuta mtu, sijawahi.

Soli ya nje ni yangu. Naijua, niliikata kwenye ngozi ya kiti cha lori. Soli ya ndani ni yangu, ile ya kwanza ilioza nikaichoma. Visigino ni vyangu, mara sijui ngapi, kwa sababu mimi ninakanyaga upande. Ulimi nilibadilisha mwaka ambao panya waliingia. Ngozi ya juu, hiyo niliamini. Nikasema hiyo siwezi kuwa nimeigusa. Nikaikuna kwa ukucha kwenye pindo la ndani, nikaona mshono wangu, ule mshono mfupi niliouzoea baada ya macho kuharibika. Ndipo nikaukumbuka mwaka wa mafuriko, magunia yalipokaa ndani ya maji, na mimi nikakesha nikikata ngozi mpya kwa kufuata ile ya zamani iliyochanika. Siku ile nilijiona fundi. Mke wangu alinipigia makofi.

Vitundu vya kamba, vya shaba, nikavihesabu kuwa ndiyo tumaini la mwisho. Vinang'aa mno. Vile vya jeshi vilikuwa na kutu ya kijani.

Hakuna kitu. Hakuna uzi, hakuna msumari. Nimemtengeneza Mluzi mpaka nimemmaliza. Kila mwaka nilikuwa natoa kipande kilichochoka na kutia kizuri, na kila kipande nilikitupa huko nje kwenye pipa pamoja na maganda. Jasho lililomo humu ni langu. Umbo la kidole gumba ni la kidole changu. Nimekuwa nikivaa viatu vyangu mwenyewe na kulia.

La kuvunda halina ubani. Nimekaa pale mezani nikilia kama mtoto, nikafurahi kwamba mvua ina kelele.

26 Machi

Nimezishona tena. Sijui nashona nini.

29 Machi

Mvua.

2 Aprili

Mama Mwenye Nyumba ameniletea chai na mkate bila kuombwa, akakaa kitandani bila kukaribishwa. Akasema macho yangu yamevimba kuliko miguu. Nikajikuta nimemwambia yote.

Akafikiri. "Nyumba hii nimebadilisha bati, milango, hata sakafu. Bado naiita ya mama yangu."

"Nyumba haikuzaa mtoto anayeuliza," nikamwambia.

"Una mdomo mchafu, mzee." Lakini alikaa mpaka chai yangu ikaisha, na alipoondoka akasema atarudi kuchukua kikombe. Kikombe ni changu.

7 Aprili

Katibu tena. Shimo limeshachimbwa nyuma ya jiwe, linajaa maji, inabidi wayachote kila siku. Jozi zinazoingia mwaka huu ni nyingi kuliko mwaka jana. Akanisomea, nami nikakubali moja moja, maana zote nilizijua zikiwa na miguu ndani.

Nilikuwa tayari kwa ugomvi, lakini alikuwa amechoka. Alivua kiatu chake kilicholowa akakipindua maji yamwagike, akasema, "Unajua buti za baba zinanipwaya mpaka leo? Mama alikuwa anazijaza matambara. Sasa najaza mwenyewe. Kila mwaka namvaa mtu nisiyemjua, mzee, na watu wananiambia nafanana naye."

Kumbe. Miaka yote namwona kama mwavuli wake. Nikamkaushia kiatu kwenye jiko. Akanipa mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na nane kumpata mtu wa Mluzi.

14 Aprili, Jumanne

Binti amekuja kuuliza, kama alivyosema. Safari hii alikaa.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimetayarisha hata kitundu kimoja cha shaba, nimekitia kutu kwa chumvi na siki, mzee mzima mimi. Nilikuwa nacho mfukoni. Lakini aliponitazama nikasema, "Mwanangu, hakuna. Nimetafuta. Vyote ni vyangu."

Nikangoja anyanyuke aondoke, maana ndivyo ningefanya mimi.

"Sasa wewe miaka yote ulikuwa unatembea na nini?"

Sijawahi kuulizwa swali hilo. Mke wangu hakuniuliza, nadhani aliogopa jibu. Basi nikamwambia.

Nikamwambia asubuhi ile tulikuwa tunarudi nyuma, tunavuka uwanda, ukungu mzito hata mkono wako huuoni. Amri ilikuwa moja: kila mtu aweke mkono wa kushoto begani kwa aliye mbele yake, asiseme, asisimame, asigeuke. Mstari ukikatika tumepotea wote. Baba yako alikuwa nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, na kila tulipopanda tuta ulinivuta kidogo. Kwa mara ya kwanza hakuwa anapiga mluzi. Risasi zilikuwa zinapita, hujui zinatoka wapi. Kisha mkono ukatoka. Haukunivuta wala haukunisukuma. Ulitoka tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu nyuma.

Nikaendelea kutembea nikingoja urudi. Nilisema labda anajikuna, labda anakohoa. Bega likawa baridi. Halafu ukaja mkono mwingine, mdogo, mwepesi, wa yule aliyekuwa nyuma yake, ameziba pengo. Nikatembea na mkono huo mpaka ng'ambo. Sikugeuka. Hatukumpata.

"Hivyo ndivyo ninavyotembea," nikamwambia. "Kutoka langoni mpaka kwenye jiwe, nangoja mkono."

Mvua ilikuwa imepungua, tukasikia maji ya paa yakidondokea ndoo. Binti alikuwa ameshika buti mapajani, amezikumbatia hajijui.

"Bega lipi?"

"La kushoto."

"Na hilo hujalibadilisha?"

"Halina vipuri," nikasema.

Akacheka. Wallahi akacheka, na mwanya wake ukatoa sauti nyembamba, na mimi nikageuka kutafuta kitu ambacho sikukihitaji kwenye rafu.

Hakusema atakuja. Alisema Jumamosi ile ana zamu, na kwamba wodi imejaa vifua. Mlangoni akasema, "Lala vizuri, baba mdogo." Siku zote alikuwa akiniita mzee.

18 Aprili

Katibu na kalamu yake. "Ya Mluzi?"

"Acha nafasi."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka langoni."

Alipaswa kukataa. Ameacha nafasi.

20 Aprili

Hakuna habari. Kila koti la mvua linalopita dirishani ni lake, mpaka lipite.

22 Aprili

Hakuna.

24 Aprili

Nimezipaka rangi zote. Za Mluzi nimezipaka za mwisho. Nilimwambia, kama kesho unaingia shimoni, utaingia umependeza. Nimeogopa leo kuliko nilivyoogopa vitani, maana vitani nilikuwa na watu.

25 Aprili, Jumamosi

Naandika saa hizi mchana, miguu juu ya mto, kalamu inateleza.

Asubuhi mvua haikuwa mvua, ilikuwa ule umande mzito unaokaa hewani. Langoni walikuja watu wachache, wengi nisiowajua: mjukuu wa huyu, mkwe wa yule. Wakavaa. Mimi nilitangulia mbele na ndala zangu, fimbo mkononi, buti za Mluzi begani nimezifunga kamba. Katibu, ndani ya buti za baba yake na matambara yake, akatazama saa, akatazama barabara, akanitazama. Akasema, "Mzee wangu." Nikamwambia naelewa. Nikazishusha buti nimpe.

"Subirini!"

Alikuwa anakimbia, koti wazi, sare ya zamu ya usiku haijabadilishwa, soksi za wagonjwa tatu tatu kila mguu. Akakaa kwenye tope pale pale, akavaa. Zilimpwaya. Akasimama, akazikanyaga mara mbili.

"Mbele yangu nani?"

"Mimi."

Akaweka mkono. Bega la kushoto. Mkono mdogo kuliko wa baba yake, lakini wa moto, una harufu ya dawa ya hospitali. Sikuweza kuondoka mara moja. Katibu akangoja, kisha akasema kwa upole, "Batalioni, mbele." Mstari wetu una desturi ileile ya vita: ukiondoka lango hausimami mpaka jiwe.

Tukatembea. Barabara imelainika, fimbo inazama. Kila penye mwinuko ananivuta kidogo.

Tulipopita ukuta wa mwisho wa kambi, mkono ukatoka.

Ulitoka tu.

Nikapiga hatua moja. Nikasimama. Nikasikia nyuma wakigongana, mmoja akasema "Kulikoni?", mjukuu wa mtu akalalamika, Katibu akaita, "Mzee, hatusimami!" Nikageuka.

Alikuwa amechutama kwenye tope, kichwa chini, anapambana na kamba.

"Nipo, baba mdogo," akasema bila kuinua uso. "Imefunguka tu. Endeleeni, nitawakuta."

"Hapana," nikamwambia.

Wakanung'unika huko nyuma. Nikawaambia wasubiri, wote, na kama kuna mwenye haraka apite pembeni. Hakupita mtu. Mimi nikasimama mbele yake, nikimtazama, mpaka akamaliza kufunga.